Matundu ya Zamani Nyuma ya Kompyuta Mpya

Baba Neema,

Huko uliko sijui kama umbea unafika, ila huu siwezi kukaa nao peke yangu.

Kompyuta yako ilikata roho wiki ile ile uliyotutoka. Ukanifanya mjane mara mbili. Tulivyomaliza matanga, stationari yetu imefungwa na mimi sina pengine pa kula, mdogo wako Yusto akaniambia, "Shemeji, niachie mimi, nakuletea mpya." Nikauza mahindi yote ya shamba la Nyakitonto nikampa. Kabeba na ile mbovu, kaenda Kigoma.

Karudi na boksi, nailoni zake, harufu ya upya. Majirani wakapiga vigelegele. Mimi nikazunguka nyuma, maana mbuzi wa mnadani hakaguliwi usoni. Baba Neema! Matundu yale yale ya ile yako! La duara la zambarau la kibodi, la kijani la mausi, na lile refu la printa, vitobo kama chujio. Nikasema ego, ndiyo hivyo, nimepigwa. Kapaka maiti rangi, kaitia kwenye boksi.

Sikumwambia yeye. Nilimwambia Mama Zuhura wa vitenge, na ukimwambia yule umeiambia Kasulu mpaka Kibondo. Kesho yake Yusto kaja amevimba. "Shemeji, umeniita mwizi wa marehemu?"

"Sijakuita. Nimeuliza matundu tu."

Tukaita fundi, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu. Kafungua, ndani hakuna hata vumbi, ule ubao wanaouita mazabodi unang'aa. "Mama, hii iko mupya kabisa." Nikamuuliza, sasa mpya imerithi wapi matundu ya bibi yake? Akacheka. Eti wanaozitengeneza wanajua watu hawatupi vitu. Hospitali zina mashine, viwanda vina mizani, vyote vya waya wa zamani na bado vinafanya kazi. Kuliacha tundu hakuwagharimu sana, kuliziba wanapoteza wateja. Tena siku kompyuta ikigoma kuamka vizuri, kibodi ya lile duara inaweza kusikia wakati ile ya tundu la flashi imekuwa kiziwi.

Nikaguna. Maelezo matamu hivyo yananitia wasiwasi, unanijua.

Na kumbe Yusto alishaiahidi printa yako iliyobaki dukani kwa mtu wa vyuma chakavu, eti imepitwa na wakati. Nikamwambia fundi, "Hebu ichomeke hapo kwanza." Kaichomeka kwenye lile refu. Kimya. Nikaanza kumwangalia Yusto vibaya. Halafu ikalia, kriii, kriii, karatasi inapanda, kelele ile ile uliyokuwa ukinikatiza nayo: "Nyamaza Mama Neema, mwenzio anaongea."

Nikakaa chini sakafuni. Yusto kageukia ukutani, mabega yanamcheza. Sikusema neno. Mimi, Baba Neema! Sikusema neno.

Mtu wa vyuma chakavu alipokuja kaondoka mikono mitupu. Wateja wako wa maharage wamerudi, wanataka stakabadhi zao za kaboni, zile printa hii tu inazigonga. Na Yusto tunaongea, tunacheka, ila namtazama kwa jicho moja. Mashine imejitetea, yeye hajaniambia ile yako mbovu kaiweka wapi. Nikimuuliza anasema, "Ipo, shemeji," halafu macho yanamlowa. Nitajua tu.

Lala, mume wangu. Printa haitoki dukani nikiwa hai, na kila asubuhi nitaiwasha mwenyewe, nikae nimsikilize mwenzangu anaongea.

Mkeo, Mama Neema