Ng'ombe wa Mahari Yangu

Wankuru,

"Uliolewa ukaenda zako, shamba la mama yako linakuhusu nini?" Ndivyo Robi alivyoniambia asubuhi hii kwenye uzio, majirani wote masikio yamewasimama. Nikamjibu, "Na wewe, mama yangu alikuoa kwa ng'ombe wa nani?"

Ulikuwa hujazaliwa. Bibi yako hakuzaa wa kiume, basi akamwoa Robi, mwanamke kwa mwanamke, ndiyo nyumba ntobhu, ili watoto wa Robi ndio warithi. Ng'ombe waliomleta ni wale wa mahari yangu. Shamba lilipokuwa mawe matupu sikusema neno. Sasa limetoa dhahabu, Robi anaezeka mabati ya rangi na mimi nachungulia. Wivu ninao, sikatai.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kudai hata shimo moja. Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Funga ndama.

Robi akija ~~usimfungulie~~ mfungulie. Tangu tugombane sijaona moshi jikoni kwake. Mwambie aingie, ale ugali mpaka ashibe. Ng'ombe wangu ndio waliomleta, hawezi kushinda njaa mlangoni kwangu.

Mama