Karavani, Kisauni, na Uongo Niliomwambia Da Rukia

Ilford, London, Jumatatu ya mwisho ya Agosti. Manyunyu tangu asubuhi, na leo hayanikeri hata kidogo.

Naandika haya nikiwa nimekaa ndani ya karavani, kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari. Imeegeshwa mbele ya nyumba yetu wenyewe, na mlango nimeufunga. Baba Salma, yaani mume wangu, yuko ndani ya nyumba anatafuta rimoti ya televisheni. Nimemwambia nafagia. Sifagii. Nina mambo ya kuyaweka sawa kichwani kabla sijarudi kazini Jumatano, kwa hiyo wewe unayesoma nivumilie.

Kwa asiyenijua, mimi ni nesi, mtu wa Mombasa, na London huu ni mwaka wangu wa ishirini na moja. Miaka yote hiyo, isipokuwa ule niliomzaa Salma, likizo yangu nimeipeleka Kisauni nyumbani kwa dada yangu mkubwa, Da Rukia. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka tisa. Da Rukia ndiye aliyenilea, akanisuka, akanipeleka shule, akanichapa nilipostahili, na siku naondoka akanisindikiza mpaka uwanja wa ndege akiwa amenibebea begi langu kichwani. Sina mama mwingine.

Mwaka huu sikwenda.

Watu wengi hapa Ilford hawalisemi hili kwa sauti, basi nitalisema mimi. Kwenda kwetu si likizo. Miezi mitatu kabla ya safari unaanza kununua: viatu, fulana, sabuni za kunukia, mafuta ya kujipaka. Ukifika, wiki ya kwanza ni ya kugawa, na aliyekosa ananuna. Wiki ya pili na ya tatu ni za kuzunguka kusalimia, maana usipofika kwa shangazi wa Likoni, yule wa Changamwe atasikia, na kila nyumba ni lazima ule hata kama umetoka kula sasa hivi. Wiki ya nne tumbo linauma na machozi yanaanza kwa sababu unaondoka. Narudi wodini nimechoka kuliko nilivyotoka, halafu wenzangu wananiuliza kama bahari ilikuwa nzuri. Bahari! Miaka sita sijatia mguu majini Mombasa.

Basi mwezi wa nne Baba Salma akaja na hii karavani, kaipata kwa mwenzake wa kazini aliyestaafu. Si mpya, pazia zake zina maua ya kuudhi, lakini ina kitanda, jiko na meza inayokunjwa. Nilipoingia mara ya kwanza nikakaa kwenye kile kitanda, na jambo la kwanza nililowaza ni kwamba hapa hapatoshi wageni. Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Nikampigia Da Rukia nikamwambia kazini wamenikatalia likizo.

Uongo mtupu. Likizo nilikuwa nimeshapewa, wiki mbili nzima. Lakini ningemwambiaje mtu aliyenilea kwamba nakwenda kulala ndani ya kibanda cha magurudumu huko pwani ya Suffolk, hapahapa Uingereza, badala ya kuja kwake? Akanijibu, "Pole mdogo wangu, Mungu atafungua njia," kwa upole wake wote. Ile pole ilinikaa kifuani wiki nzima.

Sasa niicheke aibu yangu kidogo, kwa sababu safari yenyewe haikuanza vizuri.

Sisi watu wa kwenda kwetu tuna elimu moja tu ya kufunga safari, nayo ni kilo ishirini na tatu. Nina ile mizani ya mkononi ya kuning'inizia sanduku, na nimeitumia mpaka naweza kukisia uzito kwa kuinua tu. Nikatoa masanduku saba. Nikayajaza, nikayapima moja moja, kila moja kilo ishirini na tatu barabara, nikajiona fundi. Ndani kulikuwa na mchele, unga, sufuria kubwa ya shughuli, mbuzi ya kukunia nazi na mablanketi. Na wallahi sijui nilikuwa nawaza nini, kulikuwa na makopo manane ya biskuti na fulana sita mpya, maana maisha yangu yote sijaenda mahali mikono mitupu. Zawadi za nani huko Suffolk? Sikujiuliza. Salma, binti yangu wa miaka kumi na tisa, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, aliuliza kama tunahama. Nikamwambia anyamaze ashike upande wa pili wa sanduku.

Yote saba tukayapanga nyuma kabisa, kwenye mkia, kama buti ya gari. Baba Salma ni dereva wa basi la ghorofa hapa London. Alisema mtu anayepitisha ghorofa mbili katikati ya mji hawezi kushindwa na kibanda cha plastiki.

Kibanda kilimshinda kabla hatujafika Colchester. Lori kubwa lilitupita, upepo wake ukatupiga, na karavani ikaanza kuyumba mkia, kushoto, kulia, kushoto, kila mara zaidi, mpaka gari letu nalo likawa linavutwa huku na huku. Nilisoma kila dua ninayoijua, na mbili nadhani nilizitunga palepale. Baba Salma hakukanyaga breki. Aliachia mafuta polepole, mikono imeshika usukani imara, mpaka mwendo ukapungua tukaingia kwenye maegesho ya kando ya barabara. Kwa hilo nampa heshima yake.

Mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa nyuma yetu na karavani yake alisimama kuja kutuangalia. Alifungua mlango wetu, akayatazama yale masanduku kwa muda, kisha akauliza yana uzito gani. Nami, kifua mbele, nikamwambia asiwe na wasiwasi, kila moja ni kilo ishirini na tatu kamili, nimepima mwenyewe. Akaniuliza kwa adabu sana ni nani aliyesema ishirini na tatu.

Nikafungua mdomo kumjibu. Ndipo nikakumbuka.

Shirika la ndege, ndilo lililosema.

Salma alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Mzee wa watu hakucheka, alituonyesha tu: kitu kizito kinakaa chini sakafuni, juu ya magurudumu, kamwe si mkiani, kwa sababu mkia ukilemewa karavani inakuwa haitulii. Na karavani yenyewe ina kiwango chake cha mzigo, kimeandikwa pale mlangoni, sisi tulikuwa hatujakisoma. Mchele, unga na sufuria tukavihamishia kwenye gari, Salma akakaa nyuma amekumbatia sanduku, mengine tukayalaza katikati. Tulifika Suffolk salama, taratibu, bila kuyumba tena. Yule mzee naye kumbe alikuwa anakwenda uwanja huohuo wa kuegesha karavani kama sisi.

Tulikaa huko tangu Jumatatu iliyopita mpaka jana Jumapili, na nitasema bila haya: nimepumzika. Siku ya pili nililala mchana. Nililala saa nane nikaamka saa kumi na moja, na hakuna aliyekuwa akiningoja sebuleni. Niliingia baharini mpaka magotini, maji baridi ya kuua mtu, nikapiga kelele na hakuna aliyenijua. Choo cha karavani kina ndoo yake ya kwenda kumwagwa kila asubuhi, na hiyo nilimwambia Baba Salma imo kwenye masharti ya ndoa yetu ila hakusikiliza vizuri siku ile. Biskuti na fulana niliwagawia majirani wa uwanjani. Walizipokea kwa mshangao, lakini walizipokea.

Sitajidai kwamba sikukosa kitu. Siku moja nilipika wali wa nazi nikajikuta nimepika wa watu kumi na watano. Tulikula wali siku tatu. Na hakuna aliyepita nje ya dirisha akaniita jina langu kwa sauti, hata mara moja, na hilo niliona limenipungukia kuliko nilivyotarajia.

Lakini kilichonitoa raha kilikuja Jumatano. Baba Salma alinipiga picha nikiwa nimelala kwenye kiti cha kukunja mbele ya karavani, khanga kifuani, miguu juu ya ndoo, mdomo wazi. Akaipeleka kwenye kundi la familia kwenye simu, na maneno haya: Mama Salma yuko likizoni.

Subhanallah! Nilikuwa nimesahau kumwambia kwamba nimedanganya.

Kundi lile, ambamo hata paka akizaa Kisauni tunapata habari, lilinyamaza. Nikaona Da Rukia ameiona picha. Hakuandika neno. Nilimpigia Alhamisi hakushika, nikampigia Ijumaa hakushika. Baba Salma alisema Da Rukia atapoa tu. Simlaumu, yeye hamjui kama ninavyomjua mimi. Da Rukia akikasirika hufoka, na akishafoka yamekwisha. Hajawahi kuninyamazia. Niliogopa. Niliogopa kama siku ile nina miaka tisa, watu wanarudi kutoka makaburini, na mimi nimeshika nguo yake kwa nyuma nikihofu kwamba huyu naye ataniacha.

Jumamosi mvua ilitufungia ndani mchana kutwa, na Salma, ambaye Kisauni hujificha chooni na simu yake, aliniuliza huyu mama mkubwa ni nani hasa kwangu. Yeye alimjua kama mtu anayelazimisha watu kula. Nikamsimulia yote, toka mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiingereza chake kwamba basi huyo ndiye mtu wa mwisho duniani niliyepaswa kumdanganya. Mtoto nimemzaa mwenyewe, na ndiye aliyenihukumu.

Ndiyo maana leo asubuhi nimekuja kujifungia humu. Nimempigia tena. Ameshika.

Sikumpa nafasi. Nimemwambia nilidanganya, likizo nilipewa, sikuja kwa sababu nimechoka. Nimemwambia kila mwaka nakuja kwako nikarudi nikiumwa, na nakupenda, na nimechoka, yote mawili kwa pamoja. Nimesema haraka haraka mpaka pumzi imeniishia. Upande wa pili nikasikia tu kijiko kinakoroga chungu.

"We Zuhura," akasema, "ulidhani mimi sichoki?"

Kisha akaniambia. Kila ninapokuja hukihama chumba chake, akalala na wajukuu kwenye godoro la chini, na magoti yake yale. Mwezi mzima kabla hupaka ukuta chokaa na kuazima vitanda. Wote wanaokuja kumwona mgeni wa Ulaya ni yeye anayewapikia, asubuhi na jioni, wiki nne. Mgeni siku mbili, akasema, ya tatu mpe jembe, lakini wewe nakupaje jembe nawe umetoka mbali namna hiyo? Nilikuwa nimeketi na simu sikioni, uso unaniwaka. Miaka yote nilidhani mwenye kubeba ni mimi. Mzigo wa mwenzio kweli ni kanda la usufi.

Na bado hakumaliza. Mwaka juzi nilitaka kuongeza wiki mbili, akaniambia ana harusi Malindi, ya jirani yake wa zamani. Nikarudi London siku yangu ileile, na nikamwachia kitambaa cha hariri ampelekee bibi harusi.

"Harusi haikuwako," amesema leo. "Nilikwenda kwa binti yangu nikalala siku tatu."

"Na kile kitambaa?"

"Nimekishona gauni. Chanipendeza."

Nimecheka mpaka nimeshika mbavu. Naye akacheka, kile kicheko chake cha kuishia kukohoa, kisha nikajua analia kwa sababu na mimi nalia.

Nimemuuliza mbona basi alininyamazia. Amesema karavani hakuijali. Kilichomuuma ni kwamba alinipa pole ya kweli, akaniombea dua siku nne, na mimi nilikuwa sina shida yoyote. Nimemwomba radhi kwa hilo. Amenisamehe, akasema nisirudie tena, na nimeitikia "ndiyo dada" kama mtoto.

Haya, nimeshaamua. Karavani ni ya kupumzika, na wallahi mwakani tutapumzika nayo tena, Wales au popote. Kwenda kwetu ni kwenda kumwona Da Rukia, na hilo nalo litakuwa na siku zake: kumi, si ishirini na nane. Wala hatutakaa Kisauni. Nitakodi nyumba ndogo Watamu, mimi na yeye tu, mahali ambapo hatuna shangazi wala jirani, na mpishi atakuwa mtu mwingine. Amekubali kabla sijamaliza kusema.

Simu nimeikata saa nzima iliyopita, na bado nimekaa hapa. Tangu mama afe, sijawahi kukaa na dada yangu siku moja kamili bila yeye kunihudumia, au mimi kumhudumia, au sote wawili kuhudumia watu. Huko Watamu hakutakuwa na wa kumpakulia. Tutakaa tu, yeye na mimi, tunatazamana.

Tutaanza na lipi?