Kuhamia Upande wa Babu

Mume wangu Sefu,

Salamu nyingi toka Mkongo. Hatujambo, shangazi yako kavuna ufuta, na mbuzi wako kazaa mapacha.

Umeniuliza utajinoaje kwenye sataranji na huko bwenini hakuna wa kucheza naye. Sataranji siijui, mjukuu wangu, mimi mtu wa drafti. Ila shida yako naijua.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na soda zikajaa madukani, babu yako alikuwa bingwa wa kijiweni. Nyumbani alinifunga kila jioni kwa mtego uleule: ananitolea kete moja, sheria inanilazimu kuila, kisha yeye anakula tatu na kucheka.

Basi nikaokota vizibo vya soda, nusu nikavilaza chali, nikachora drafti kwenye boksi. Nikienda kuamia ndege wasile mpunga shambani, huko juu ya dungu la kulindia naupanga mtego ule. Nacheza kwangu, kisha nahamia upande wake, nacheza kama yeye. Ndege walikula jaruba zima, mama mkwe akanisema wiki nzima! Lakini nilipokaa upande wake ndipo nikaona: kosa langu halikuwa kula ile kete. Nilikosea hatua mbili nyuma, nilipoacha nyumba moja ya drafti wazi.

Jioni nikamfunga. Akahesabu kete upya. "Nani kakufundisha?"

"Wewe."

Tangu atutoke, vizibo bado navipanga. Nacheza kwangu, kisha nahamia upande wake. Siku nyingine ananifunga, nami siku hiyo nalala vizuri.

Mkeo wa Mkongo,
Bibi Mwanahawa