Mlango wa Mwisho wa Mtaa wa India

Mtaa wa India,
Bagamoyo.
9 Novemba, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Muataz,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini shikamoo yako naipokea mapema, usije ukachelewa nayo kama unavyochelewa na mengine. Hujambo huko Maskati? Wifi Salma hajambo? Na Abdullatif wetu, meno ya mbele yameshaota? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila goti langu la kushoto limevimba, na lililolivimbisha ndilo ninalotaka kukueleza.

Nimeandika kwa mkono na kumpa Abdulnasir, anayerudi huko Jumatatu, kwa sababu simu zangu unazipokea ukiwa garini, na kila nikisema neno unajibu "inshallah, dada". Karatasi haina inshallah. Utaisoma mpaka mwisho.

Lile tangazo lako uliloliweka kwenye kundi la WhatsApp, kwamba hitima ya arobaini ya mama itasomwa Ijumaa tarehe 22 na wote mnakaribishwa, limetutia aibu. Hivi umesahau mtaa ulikozaliwa? Huku mazikoni watu huenda bila kualikwa, lakini hitima mtu huambiwa mlangoni kwake, kwa mdomo, na mtu aliyemfuata kwa miguu yake. Asiyeambiwa haji. Bi Kuruthumu alinisimamisha sokoni mbele za watu akaniuliza, "Siku hizi mnatualika kama mnatangaza maji kukatika?"

Basi jana baada ya alasiri nikavaa buibui la mama, lile lenye harufu ya udi, nikatoka. Unakumbuka alivyokuwa akifanya. Alianzia kule kwenye Boma, akaupanda mtaa mzima bila kuruka mlango hata mmoja. Hakukaa kwa mtu wala hakunywa hata maji, kwani ukikaa kwa huyu, yule wa pili atauliza kwake pana nini. Nilidhani ni kazi nyepesi. Mama aliifanya mpaka uzeeni na sikuwahi kumuuliza kama anachoka.

Nilianza na Bi Kuruthumu, nikamwomba radhi. Alininunia kidogo kisha akalia, akaniuliza, "Muataz amefika?" Nikamwambia uko njiani. Sijui kwa nini nilisema vile. Lilinitoka tu.

Nyumba ya kina Pazi sasa ni ya wageni. Nilipiga hodi, akatoka dada wa mapokezi, akaniuliza nataka chumba cha bei gani. Nikamweleza kwamba anaalikwa hitimani, kwa kuwa anayelala mtaani ni mtu wa mtaa. Alinitazama sana, kisha akasema hajawahi kualikwa popote tangu ahamie hapa. Huyo atakuja, utaona.

Ile nyumba ya pili yake paa limeingia ndani na mti umeota sebuleni. Wenyewe wako huko huko kwenu. Mama alikuwa akisimama pale pia, akalitolea salamu kufuli, na sisi tulimcheka. Jana nami nimelitolea salamu. Sikuona cha kuchekesha, maana nilikuwa nawaza nyumba yetu na ufunguo wake unaosema nikuwekee tu, ipo siku.

Kwa Mzee Kombo nilimkuta anachonga mlango wa hoteli. Aliacha patasi, akafuta mikono, akaniuliza kama umefika, kama wote walivyouliza. Nikamjibu kama nilivyowajibu wote. Alifurahi kweli. Akasema, "Afadhali. Mlangoni lazima asimame mtoto wa kiume wa marehemu, awapokee watu mkono. Bi Miza hakuzaa bure." Muataz, mazikoni hakuna aliyekulaumu. Maiti hasubiri ndege. Lakini ulisema utakuja hitima ya siku ya tatu, hukuja. Ukasema arobaini, na sasa unasema kazi. Tumezaliwa wawili tu, Yahya mume wangu yuko kaburini, na mimi nina mabinti watupu. Nani asimame pale?

Hivyo nikapanda mtaa mzima, mlango kwa mlango, nikikuleta wewe kwa mdomo wangu. Kwa wengine nilikuwa nimeshakupandisha ndege. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mpaka mwisho wa Mtaa wa India.

Mwisho wa mtaa unajua anakaa nani. Mama hakuwahi kufika pale tangu uondoke. Alikuwa akigeuka kurudi milango miwili kabla, akasema kiza kinaingia, hata kama jua lilikuwa linawaka. Si kwamba Bi Mwaija alitukataza. Sisi ndio tuliomwonea haya. Walishapaka nyumba chokaa, wakapika halua, Tabia akatiwa hina, nawe ukaenda Maskati kununua dhahabu ya bibi harusi, ukasema wiki mbili. Mpaka leo. Na juu ya kumwacha binti yao, tukawaruka mlango miaka yote hii, kama kwamba wao ndio wenye kosa.

Nilisimama pale goti likiniuma, nikataka kugeuka. Nikapiga hodi.

Bi Mwaija alifungua mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia. Akanitazama buibui, nadhani alilijua. Akasema, "Leo mmefika mwisho wa mtaa." Nikamwambia anaalikwa hitima ya mama, yeye na nyumba yake yote. Akasema amesikia na watakuja. Kisha akauliza kuhusu wewe, sauti ya chini tu, kama anauliza hali ya hewa.

Wallahi, pale uongo ulinikataa. Nikasema, "Sidhani kama atakuja, mama."

Akasema, "Sisi tulijua hivyo kabla yenu."

Hakusema kwa kejeli. Heri angesema kwa kejeli. Nikaanza kulia mlangoni pa watu kama mtoto. Akanishika mkono, akageuka ndani akamwita Mikdad, kaka yake Tabia, yule aliyeapa siku zile kwamba akikuona atakuvunja mguu. Mbele yangu akamwambia, "Ijumaa hiyo utatangulia kwa Bi Miza. Mlango wa maiti hauachwi bila mwanamume." Mikdad akasema, "Sawa, mama." Akaniuliza mikeka ipo ya kutosha au alete.

Nimekubali, Muataz. Watu wa mtaa mzima watakaokuja kumwombea mama watapokewa na Mikdad. Nakuonea uchungu, nami nakukasirikia, na sijui lipi limezidi. Ndege zipo, na siku bado zipo. Ukija, nitafurahi mpaka nisahau goti. Lakini ujue kwamba Mikdad utamkuta ameshasimama pale mlangoni, na nafasi yako itabidi umwombe yeye.

Msalimie wifi Salma, na umbusu Abdullatif kwa niaba ya bibi yake, ambaye alifariki akiwa na picha yake mkononi. Bi Kuruthumu na Mzee Kombo wanakusalimu, wanakusubiri kwa niliyowaambia. Tabia nilimwona uani akianua nguo, na mwanawe mgongoni. Hakukusalimu, nami sikumwomba.

Mungu akupe afya na riziki ya halali, na akupe pia miguu ya kurudia njia uliyoendea. Amina.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,
Mayasa.