Imla Mbele ya Ekzosi ya Mchumba Wangu

Chumbageni, Tanga
Agosti 1956

Mpendwa Bi Mwanasiti, shikamoo. Nakuomba uniazime akili yako kidogo, maana yangu, ingawa imesomeshwa ualimu na kupewa cheti, sasa inazunguka tu kama gurudumu lililokwama mchangani.

Nimechumbiwa na Tadeo (jina si lake, ingawa atakayelisikia gari lake atamtambua), fundi wa gereji huko Usagara, kijana mwenye vipaji vingi, kikubwa kikiwa kuchukua gari kuukuu lililokuwa likienda kimya na kuling'oa sailensa, kile kizuia kelele cha ekzosi, mpaka likiwashwa watu wa Horohoro, kule mpakani, watoke nje kutazama nani anakuja. Yeye na mafundi wenzake wana chama chao cha mashindano, na meneja wa shamba moja la mkonge huwaachia barabara ya shambani Jumamosi alasiri, na kando ya barabara hiyo kuna zahanati ya wazazi, ambako mkunga, Bi Asmahani, alivumilia sana kabla ya kumwendea meneja na kumwambia kwamba magari yakipita yeye huweka pembe yake ya kusikilizia juu ya tumbo la mama, na badala ya moyo wa mtoto husikia gari la Tadeo. Meneja akaamuru kila gari lipimwe sauti kwanza, na likipatikana hata moja lililozidi kiasi siku ya mashindano, barabara itafungwa kwa wote.

Kipimo chetu ni cha watu wasio na mashine ya kupimia. Gari linangurumishwa barabarani, Mzee Rafaeli, katekista mstaafu, anasoma imla kwa sauti yake ya kawaida upande mmoja wa baraza ya zahanati, na mimi, kwa kuwa ni mwalimu, naandika kibaoni upande wa pili. Nikiandika sawa, gari limepita. Maneno yakinipotea, linarudi gereji.

Mara ya kwanza zamu ya Tadeo ilipofika, gari lake lilinguruma kwa adabu kama padri mwenye mafua, nami nikaanza kujilaumu kwa kumdhania vibaya, kumbe mtaalamu wangu alikuwa amejaza nyuzi za mkonge ndani ya ekzosi, na nyuzi, kwa kuwa hazikusomea ufundi, zikashika moto, na mzee hajafika hata nukta ya pili likafyatuka donge linalowaka likatua juu ya kamba ya nguo za vichanga. Bi Asmahani alilizima kwa ndoo ya maji, akamgeukia Tadeo. "Kijana, hata kuku wa Tanga wanajua katani inaungua. Wewe umeletwa na meli gani?" Watu wakacheka, Tadeo akapewa nafasi nyingine, Jumamosi hii.

Jana amenijia na mpango mpya.

"Mwalimu, mzee anasoma kipande kilekile cha kuchemsha maji ya kunywa. Umeshakihifadhi. Wewe andika tu."

"Na nisiposikia?"

"Kusikia kwa nini? Si umesoma?"

Nikamuuliza juu ya wazazi walio ndani, akasema mtoto wa Tanga azoee kelele mapema. Kisha akaacha kucheka. "Ukiniangusha mbele ya wenzangu, Jumapili pasta asilitaje jina langu pamoja na lako." Na Jumapili hiyo ndiyo tunaanza kutangazwa kanisani.

La aibu ni hili, ambalo sijamwambia mtu: ngurumo ile naipenda. Inaponipita kifuani, ile sauti ndani yangu inayosahihisha kila mtu, na mimi kuliko wote, hunyamaza, nami nimekuwa nikidhani hayo ndiyo mapenzi. Sasa niandike nisichosikia nibaki na mchumba, au niseme kweli nibaki na chaki?

Mwandishi wa Imla

*Bi Mwanasiti anajibu:*

Marahaba, mwanangu. Nilicheka ulipofika kwenye donge la moto, nikasoma tena, nikaacha. Pole. Lakini umesomeshwa mpaka ukapewa cheti, halafu unauliza gazetini kama mtu aandike asichosikia? Mtoto wa darasa lako akikuuliza hivyo, humpeleki kusimama pembeni?

Umemchora mchumba wako kwa kejeli tamu kabisa. Kejeli naijua, ndiyo inayoninunulia unga. Ila mwanamke aliyemwona mwanamume wazi namna hiyo, kisha anangoja mgeni amthibitishie, anatafuta mtu wa kumlaumu baadaye. Kazi hiyo siitaki.

Ngurumo ipende, si dhambi. Jifunze kuendesha, ukanguruma mwenyewe, lakini usiolewe na bomba. Nimetafuta katika barua yako neno moja jema alilokuambia Tadeo, nikavaa na miwani, sikuliona. "Wewe andika tu" ni maneno ya karani mkuu kwa tarishi. Na yule mama aliyelala ndani, anayengoja kuambiwa kama mwanawe yu hai, hana masikio mengine nje isipokuwa yako.

Basi fanya hivi. Mwendee Mzee Rafaeli kabla ya Jumamosi, umwombe asome kipande kipya, wala asikuonyeshe. Atafurahi, maji hayo ameyachemsha vya kutosha. Siku hiyohiyo mwambie Tadeo kwamba kipande kimebadilika, asije akasema umemtega, na umwambie arudishe sailensa. Spana anazo, siku anazo.

Jumamosi ukisikia, andika. Usiposikia, weka chaki chini, simama, useme "Sisikii," kwa sauti ile ya darasani, wala usimtazame usoni kwanza kuomba ruhusa. Akilirudisha gari gereji akaenda kulitengeneza, hata akinuna, Jumapili vaa gauni lako zuri ukasikilize majina yenu. Akikimbilia kwa pasta kufuta jina lake, usimfuate njiani. Mshukuru. Wanawake wengi wanaoniandikia walijibiwa swali lako hili baada ya harusi.