Rangi ya Bluu Katika Chemchemi ya Lobule

Dada Poni,

Nimekalia kiti chako hapa ofisini Arua, mlango nimeuacha wazi, na upande wa Arua Hill mvua inakuja. Ungekuwa umeshatoka nje kuitazama. Nakuandikia kwa sababu lile swali lako limepata jibu, na sina mwingine ambaye angetaka kulisikia lote.

Siku niliyopigiwa simu kwamba kifua kimekushinda, barabara ya Koboko ilikuwa imefungwa. Askari wa kizuizi cha barabarani walinirudisha pale pale. Walikuzika nyumbani, watu wachache, kila mmoja kasimama mbali na mwenzake. Mimi sikukutupia hata udongo. Inaniuma mpaka leo.

Unakumbuka ugonjwa ulipoanza, barabara zikafungwa na kila mtu akataka sabuni ya kunawa? Kiwanda chetu cha Koboko kilifanya kazi kuliko wakati wowote, na bwawa la maji machafu nyuma yake likajaa kuliko wakati wowote. Mwaka ule ule ndio tulitakiwa kulitengeneza upya. Lakini fundi hakuweza kutoka Kampala, turubai la kutandika chini likakwama njiani, sampuli zetu za maji zikakosa gari la kuzifikisha maabara. Kampuni ikaomba iongezewe muda, mamlaka ya mazingira ikakubali. Meneja akafurahi, akatuagizia chai. Wewe ukauliza, kikombe bado mkononi:

"Tarehe wamesukuma. Sasa maji, nani ameiambia?"

Mimi nilicheka. Meneja hakucheka.

Ulikuwa ukiwaza chemchemi ya Lobule, kule bondeni chini ya kiwanda. Mama Keji, anayechota pale, alikuwa amekuambia maji yake siku hizi "iko na utelezi." Maabara haifikiki, ukasema, basi tumwage rangi ya bluu ya sabuni bwawani, ile isiyodhuru, tuone kama itatokea huko chini. "Sitaki kushtaki mutu," uliniambia. "Nataka kuona maji inapita wapi." Wiki hiyo hiyo ukaanza kukohoa.

Nilikaa na wazo lako muda mrefu. Barabara zilipofunguliwa nikamwendea Meneja.

"Asianzu, bado tuna muda," akasema. "Ukiiona hiyo rangi, utafanya nini nayo?"

Nikamjibu sijui. Na kweli sikujua. Akafungua droo, akanipa ufunguo wa ghala la rangi. Mpaka leo sijui ni nini kilimfanya anipe.

Tuliwaambia kina mama kwanza wasichote, tukawaletea maji safi kwa tangi. Nikamwaga rangi, nikateremka kungoja. Wapita njia wa baiskeli wakaniuliza nangoja nani. Nangoja rangi, nikasema, wakaenda zao wakicheka. Siku zikapita, maji meupe tu. Nikaanza kufikiri labda ulikosea, na ajabu ni kwamba hilo nalo lilinivutia: kama si sisi, utelezi ule unatoka wapi?

Halafu asubuhi moja Mama Keji akaniita, beseni jeupe mikononi.

"Kuja uone. Maji iko bluu."

Ilikuwa bluu, dada! Hafifu, lakini bluu. Nikapiga kelele ya furaha kama mtu aliyeshinda kitu. Ndipo nikamwona uso.

"Na hii," akauliza, "ndio tulikuwa tunakunywa?"

Wewe ungejua la kusema. Mimi nilisema tu, "Ndiyo, mama."

Meneja alikuja mwenyewe kutoka Arua. Alilitazama beseni kwa muda, akasimamisha mashine siku hiyo hiyo, ingawa tarehe mpya ilikuwa bado mbali. Maji ya bwawa yakanyonywa na kubebwa kwa malori. Na unajua tulikuta nini chini? Mzizi! Mzizi wa mti uliokatwa zamani, umeoza ndani ya ukuta wa udongo na kuacha njia kama bomba. Nilichuchumaa pale mpaka mafundi wakaniomba nipishe.

Sasa bwawa ni jipya. Lobule wana kisima kirefu, maana kina mama walikidai na hawakukubali kitu kingine. Watoto walipimwa, na waliokuwa wakiumwa tumbo walitibiwa. Lakini Mama Keji hanisalimii kama zamani. Ananijibu, basi. Naona ana haki.

Kaburini kwako nimefika hatimaye. Nimetupa udongo wangu, nimechelewa lakini nimetupa. Mama yako aliniuliza ulikuwa unafanya kazi gani hasa, kwamba kila ukimweleza hakuelewa. Nikamwambia ulikuwa unafuata maji kuona yanakwenda wapi. Akatikisa kichwa, akasema tangu utoto ulikuwa hivyo.

Kule mbele ya Lobule kuna chemchemi nyingine. Watu wanasema hukauka katikati ya mvua na kurudi wakati wa jua. Hakuna aliyetuagiza kuichunguza, wala haina tarehe ya mwisho. Nitakwenda kuiangalia.

Pumzika, dada Poni. Nikijua kwa nini, nitakuja Koboko kukuambia.

Mdogo wako wa kazini,
Asianzu