Machozi ya Tajiri wa Kirusi

Da Rukia wangu,

Salamu nyingi kutoka Tibirinzi, ila leo nimekasirika kweli kweli.

Klabu ya vitabu ya hapa ina nakala moja tu ya riwaya nene ya Kirusi, tena kwa Kiingereza. Wameikata mafungu; kila mtu husoma lake, kisha huwasimulia wenzake kwa Kiswahili. Hamadi, mtoto wa Ami, kwa uvivu wake alinipa fungu lake nimsomee. Nikamweleza huku tunamenya muhogo kwamba yule tajiri wa riwayani halilii mapenzi, analilia kukosa mtu wa kumwogopa.

Jana barazani kwa Bi Zuwena, klabu inapokutana, mvua inapiga bati, Hamadi akayasema hayo hayo kama yake! Bi Zuwena akamkatia kipande kikubwa cha mkate wa kumimina. "Mashaallah, kijana una akili wewe!" Mimi nikatazama kikombe changu. Naungama kwako tu: nusu ya hasira hizi ni juu yangu mwenyewe, maana sikufungua mdomo.

Njiani Hamadi ananiambia, "Nipe na fungu lako, lile la mwisho wa kitabu, wewe si bubu?"

Nimempa. Ila kurasa kumi za mwisho nimezificha chini ya mto wangu. Jumamosi watataka kujua tajiri kaishia wapi, na anayejua ni mimi peke yangu. Niombee sauti isinikauke, dada. Nibusie Mama mkono.

Mdogo wako,
Salma